Sayyidna Zaid bin Thabit na Mafungu ya Mirathi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Mmoja katika ndugu zetu wa duru hii, ambaye riziki yake imempeleka bara, huko Kebirigo katika nchi ya Nyamira, ametuletea suala ambalo tumeona lafaa lijibiwe mbele ya wasomaji wote. Kebirigo ni mji mdogo wa soko katika vilima vya Wakisii, nchi ya baridi na mvua, na mashamba yake ya chai yamegawanywa na kugawanywa tena baina ya wana na wajukuu, hata mengine yamebaki vipande vya kupimwa kwa hatua. Waislamu wa huko ni wachache. Ndugu yetu husomesha watoto wao wakati wa jioni, na sasa amefika katika mlango wa mirathi. Asema kuwa watoto hutaja nusu, robo na thumni bila ya kusita, lakini wakipewa kalamu wagawanye, hawajui waanzie wapi. Auliza kama iko njia ya kuyatia mafungu haya vichwani yasitoke, na yakishaingia yafanye kazi.

Tusiwacheke watoto wa Kebirigo. Katika miji yetu ya pwani ni nyumba ngapi ambazo mwenyewe alikufa miaka thelathini iliyopita, na hata leo kaka mkubwa ndiye apokeaye kodi, na dada zake wakiuliza huambiwa wangoje? Wangoje mpaka lini? Dada mmoja hufa, kisha wa pili, na watoto wao huwa warithi wa warithi, hata anayetaka kugawanya kwa haki hujikuta mbele ya hisabu ambayo mjini hapana aiwezaye ila mtu mmoja au wawili. Dhulma nyingi hazianzi kwa ubaya wa moyo. Huanzia katika kutojua kugawanya, kisha uzito wa moyo huja ukaukuta mlango u wazi.

Basi tumeona jawabu lililo bora kwa ndugu yetu ni kumweleza habari za mtu ambaye Umma huu wote umemkubali kuwa ni bingwa wa mafungu ya mirathi, naye ni Sayyidna Zaid bin Thabit, Mwenyezi Mungu amridhie. Katika maisha yake mna jawabu la masuala yote mawili: namna ya kuhifadhi, na namna ya kukifanyia kazi kile kilichohifadhiwa.

Zaid alizaliwa Madina, wakati ule ikiitwa Yathrib, kadiri ya mwaka 611, katika ukoo wa Banu Najjar wa kabila la Khazraj. Baba yake, Thabit bin Dhahhak, aliuawa katika vita vya Bu'ath walivyopigana Aus na Khazraj, na Zaid yu mtoto wa miaka sita. Akalelewa na mama yake, Nawar binti Malik. Katika Waarabu wa zama zile mwenye kurithi alikuwa ni mwanamume awezaye kuchukua silaha na kuitetea kabila; wanawake na watoto wadogo hawakuwa na fungu. Katika desturi hiyo ndimo alimokulia, naye ni yatima.

Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, Zaid alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Jamaa zake wakampeleka mbele ya Mtume, wakamwambia kuwa kijana huyu amekwisha kuhifadhi sura kumi na saba. Mtume akamsikiliza akasoma, akapendezwa naye. Kisha akamwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa hakuwaamini watu wengine katika barua zake. Wamepokea wapokezi kuwa haikupita nusu ya mwezi ila Zaid ameyajua, akawa ndiye amwandikiaye Mtume barua za kwenda kwao na kumsomea zitokazo kwao. Tangu siku hizo akashika kalamu, wala hakuiweka chini mpaka kufa kwake.

Vita vya Badri vilipokuja, mwaka wa pili wa Hijra, alijitokeza naye akarudishwa kwa udogo wake. Mwaka uliofuata, yaani mwaka 625, vikaja vita vya Uhud, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo lilikuja kugusa ilimu yake na nyumba yake pia.

Miongoni mwa waliouawa Uhud alikuwa Saad bin Rabii, mmoja wa wakubwa wa Ansari. Aliacha mjane, na mabinti, na ndugu wa kiume. Yule ndugu akaja akaichukua mali yote, kama ilivyokuwa desturi. Mjane wa Saad akawashika mkono mabinti wawili, akenda nao kwa Mtume (S.A.W.), akamweleza kuwa baba yao amekufa shahidi, na ami yao hakuwaachia kitu, nao hawataolewa ikiwa hawana mali. Mtume akamwambia asubiri hukumu ya Mwenyezi Mungu. Zikateremka aya za mirathi katika Suratin Nisaa. Mtume akamwita yule ami, akamwamuru awape mabinti wale thuluthi mbili, na mama yao thumni, na kitakachobaki ndicho chake.

Tupige hisabu yake, kwani ndiyo ya kwanza katika Uislamu. Igawanye mali mafungu 24. Thumni ya mjane ni mafungu 3. Thuluthi mbili za mabinti ni mafungu 16. Jumla ni 19, na kwa ami yamebaki 5. Mtu aliyekuwa ameshika 24 akabaki na 5, na aliyemtoa katika yale 19 si jeshi wala nguvu za mtu. Ni mafungu matatu yaliyojulikana na kutekelezwa.

Zaid alikuwa kijana wa miaka kumi na minne hivi wakati huo, na jambo hili lilipita katika mji wake na kabila lake la Khazraj. Tutarudi katika nyumba ya Saad bin Rabii hapo mbele.

Katika mwaka wa tano wa Hijra alikubaliwa kutoka na wenziwe kuchimba handaki la Madina. Alichukua udongo mpaka akachoka, usingizi ukamshika pale pale. Umara bin Hazm akamwondolea silaha zake kwa mzaha, alipoamka akashtuka. Mtume alipojua, akakataza Mwislamu kumtia hofu nduguye ijapokuwa kwa mchezo. Na katika safari ya Tabuk bendera ya ukoo wake ilikuwa mikononi mwa Umara huyo huyo, Mtume akaitoa kwake akampa Zaid. Umara akaogopa asije akawa amefanya kosa. Mtume akamjulisha kuwa si kosa, bali Kurani hutangulizwa, na Zaid ameichukua zaidi kuliko yeye.

Wala hakuwa mtu wa kuhifadhi tu. Mwaka wa nane wa Hijra (630), baada ya vita vya Hunain, zilipatikana ngawira nyingi mno. Mtume alimwamuru Zaid awahesabu watu na mali. Akahesabu, kisha zikagawanywa: kila mtu wa miguu ngamia 4 au kondoo 40, na mwenye farasi ngamia 12 au kondoo 120. Atazame msomaji namna nambari hizi zilivyonyoka: mwenye farasi ana mafungu matatu ya mwenye miguu, na ngamia mmoja amesimama mahali pa kondoo kumi. Hisabu iliyonyoka hivi hufahamiwa na jeshi zima, na kinachofahamiwa na wote hakizui ugomvi.

Mtume (S.A.W.) alipofariki, Zaid alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Haukupita muda vikaja vita vya Yamama, na wakafa ndani yake wengi katika waliohifadhi Kurani. Sayyidna Umar akamshauri Sayyidna Abubakar ikusanywe Kurani mahali pamoja isije ikapotea kwa kufa wenyewe. Kazi hii akapewa Zaid. Aliiona nzito kuliko lau angeambiwa auhamishe mlima. Lakini alikubali, akaifuata aya kwa aya katika panda za mitende, na mawe meupe mapana, na ngozi, na vifua vya watu.

Hapa pana jambo tumtakalo ndugu yetu wa Kebirigo aliweke mbele ya wanafunzi wake. Zaid mwenyewe alikuwa amehifadhi Kurani yote. Lau angetaka, angeketi akaandika kutoka kifuani mwake. Hakufanya hivyo. Kila alichokijua kwa moyo alikitafutia maandishi, na kila maandishi akayatafutia mashahidi. Kwake yeye hifadhi ilikuwa ni mlango wa kuingilia katika kazi, wala haikuwa mwisho wa kazi. Baadaye, katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman, aliitiwa kazi hiyo mara ya pili, pamoja na watu watatu wa Kikureshi, wakanakili misahafu iliyopelekwa katika miji mikubwa.

Ama katika mirathi, imepokewa kuwa Mtume alimtaja Zaid kuwa ndiye ajuaye zaidi ilimu hiyo katika Umma wake. Sayyidna Umar alipowahutubia watu Jabiya, katika nchi ya Shamu, aliwaelekeza wenye kutaka kuuliza Kurani waende kwa Ubayy bin Kaab, na wenye kutaka kuuliza mafungu ya mirathi waende kwa Zaid. Na Umar alikuwa akiwatawanya Masahaba katika miji, lakini Zaid alimzuia Madina, kwa kuwa watu wa mji walimhitaji. Mara nyingi aliposafiri, Zaid ndiye aliyemwacha mahali pake.

Mafungu yaliyotajwa katika Kurani ni sita, lakini mas'ala ya watu hayana mwisho. Ubingwa wa Zaid ulidhihiri pale ambapo hisabu haikuonekana kukubali. Tutataja matatu.

La kwanza ni babu akiwa pamoja na ndugu wa maiti. Umar alielekea kuona kuwa babu awazuie ndugu wote, kama baba awazuiavyo. Zaid akampigia mfano wa mti: una shina, katika shina limetoka tawi, na katika tawi vimechipuka vijiti viwili. Shina ni babu, tawi ni baba, na vijiti ni ndugu. Kijiti kimoja kikikatwa, mwenziwe hakika yu karibu naye, wala hayu mbali kuliko shina. Basi kwa hukumu ya Zaid babu hugawana na ndugu: akiwa na ndugu wa kiume mmoja hupata nusu, wakiwa wawili hupata thuluthi, na wakizidi hapo, babu hapungui thuluthi. Atazame mwalimu: mas'ala yaliyowashinda watu wazima, Zaid aliyafahamisha kwa mti ambao kila mtoto ameuona.

La pili ni mwanamke aliyekufa akaacha mume na wazazi wawili. Mume ana nusu. Mama, kwa dhahiri ya mafungu, ana thuluthi. Ikiwa ni thuluthi ya mali yote, basi katika mafungu 6 mume amechukua 3, mama 2, na baba amebaki na 1, yaani mama amepata mara mbili ya baba. Umar alihukumu, na Zaid akawa pamoja naye, kuwa mama apewe thuluthi ya kilichobaki baada ya mume: mume 3, mama 1, baba 2. Ibn Abbas hakukubali. Alimtuma mtu kumuuliza Zaid kama amekuta katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu thuluthi ya kilichobaki. Zaid akajibu kwa utulivu kuwa Ibn Abbas asema kwa rai yake, na yeye Zaid asema kwa rai yake. Hakumtusi wala hakumtoa katika dini. Laiti sisi tungekhitalifiana hivi.

La tatu ni pale mafungu yanapozidi mali. Katika zama za Umar alikufa mwanamke akaacha mume na dada wawili. Nusu ya 6 ni 3, na thuluthi mbili za 6 ni 4. Jumla ni 7, na mali ni 6. Umar akawakusanya Masahaba akawataka shauri, na wakaafikiana kuwa upungufu uwaenee wote, kama wenye madeni wanapoikuta mali haitoshi. Basi mali ikagawanywa 7: mume 3, na dada wawili 4. Hili ndilo liitwalo auli, yaani kupanda kwa hisabu. Ibn Abbas alikhalifu baadaye, lakini Zaid na wengi wa Masahaba walikuwa juu ya hukumu hii, nayo ndiyo iliyoshikwa.

Pamoja na ilimu yote hii Zaid alikuwa mwoga wa fatwa. Akiulizwa jambo, kwanza alikuwa akiuliza kama limekwisha kutokea. Wakimwambia bado, huwaambia waliache mpaka litokee. Na siku moja Umar na Ubayy bin Kaab walikhasimiana, wakaenda kwa Zaid nyumbani kwake awahukumu. Zaid akampisha Khalifa mahali pa kuketi. Umar akakataa, akamwonyesha kuwa huko ndiko kudhulumu kwa mwanzo katika hukumu ile, akaketi sawa na khasimu wake.

Sasa turudi katika nyumba ya Saad bin Rabii. Zaid alimwoa Umm Saad, binti wa yule shahidi wa Uhud. Binti huyu alikuwa tumboni mwa mama yake siku aliyouawa baba yake. Wanahistoria wamepokea kuwa Umar alipohukumu kuwa mtoto aliye tumboni naye hurithi, Zaid alimjulisha mkewe kuwa, akitaka, sasa aweza kudai fungu lake katika mali ya baba yake. Umm Saad akajibu kuwa hatadai kitu kwa dada zake. Tufahamu vyema kisa hiki. Zaid alimjulisha haki yake, na yeye akaiacha kwa hiari, akijua anachokiacha. Hii siyo sawa na dada wa mjini kwetu ambaye hunyamaza kwa kuwa hapana aliyepata kumwambia fungu lake ni kiasi gani. Mtu hawezi kusamehe asichokijua.

Katika ndoa hiyo alizaliwa Kharija bin Zaid, aliyekuja kuwa mmoja wa mafakihi saba mashuhuri wa Madina. Zaid alifariki mwaka wa 45 wa Hijra (665), kwa kauli iliyo mashuhuri. Ibn Abbas, yule yule aliyekhitalifiana naye katika mafungu, ndiye ambaye wakati wa uhai wake alimshikia Zaid kikuku cha mnyama wake kwa kumheshimu, na siku ya kuzikwa kwake alihuzunika akaona kuwa hivi ndivyo ilimu iondokavyo, ilimu nyingi imezikwa leo.

Imamu Shafii aliifuata njia ya Zaid katika mirathi, na kwa hiyo ndiyo njia yetu sisi watu wa pwani. Na katika mwaka wa 577 wa Hijra (kadiri ya 1181) alifariki Shamu mwanachuoni aitwaye Muhammad bin Ali ar-Rahbi, ambaye aliitunga njia hiyo ya Zaid katika mashairi yasiyofika beti mia mbili, ili wanafunzi waihifadhi. Ndiyo Rahbia isomwayo vyuoni. Na al-Khwarizmi wa Baghdad, aliyeandika kitabu cha aljebra katika karne ya tatu ya Hijra, aliweka sehemu kubwa ya kitabu chake kwa hisabu za wasia na mirathi. Ilimu ya mafungu haikuwa ya kuimbwa bila ya kupigiwa hisabu hata siku moja.

Sasa twamjibu ndugu yetu moja kwa moja, kama walivyopanga wanavyuoni.

Mafungu sita yagawe makundi mawili. La kwanza anza na nusu, kisha nusu yake ni robo, kisha nusu ya robo ni thumni. La pili anza na thuluthi mbili, nusu yake ni thuluthi moja, nusu ya thuluthi ni sudusi. Mtoto akishika mianzo miwili, na neno nusu, amezishika zote sita. Tahadhari moja tu: mtoto aliyesikia kwa wazee kuwa thumni ni senti hamsini atadhani ni nusu ya kitu, kwa kuwa ndiyo nusu ya shilingi. Mwonyeshe embe lililokatwa vipande vinane, atajua.

Kisha mfundishe asili ya kugawanyia. Fungu la kundi la kwanza likiwa peke yake, gawanya kwa jina lake: nusu kwa 2, robo kwa 4, thumni kwa 8. La pili peke yake, kwa 3 au 6. Yakichanganyika makundi mawili, zidisha kwa tatu ile nambari ya kundi la kwanza: nusu hutoa 6, robo hutoa 12, thumni hutoa 24. Na katika kupanda: 6 hupanda ngazi kwa ngazi mpaka 10, 12 huruka katika witiri tu, 13, 15 na 17, na 24 hupanda mara moja tu, kwenda 27.

Kisha, na hapa ndipo penye kazi, usimwache mtoto na nambari tupu. Mtoe nje umwonyeshe chai. Mwambie: mtu wa hapa Kebirigo amekufa, amezikwa, deni zake zimelipwa na wasia wake umetolewa, na amebakisha mashina 2,400 ya chai. Ana mjane, na mama, na mabinti wawili, na ndugu mmoja wa kiume wa baba na mama. Mjane ana thumni kwa kuwa pana watoto, mama ana sudusi, mabinti wana thuluthi mbili. Asili ni 24, na kila fungu ni mashina 100. Mjane 300, mama 400, mabinti 1,600, na ndugu 100 zilizobaki.

Kisha mwondoe yule ndugu, mahali pake mweke baba wa maiti, na mashina yawe 2,700. Mjane 3, mabinti 16, mama 4, baba 4: jumla ni 27. Mjane anapata 300 katika 2,700. Thumni yake imekuwa ni tusui, yaani moja katika tisa. Hili ndilo mas'ala ambalo Sayyidna Ali aliulizwa naye yu juu ya mimbari, akalijibu papo hapo bila ya kukata khutuba yake. Mtoto akisikia kisa hiki, 27 haitamtoka.

Twajua kuwa katika desturi ya kale ya nchi ile ardhi iligawanywa kwa nyumba za wake na kurithiwa na wana wa kiume, na binti hakuhesabiwa kwa kuwa ataolewa kwingine. Lakini tusiwanyoshee kidole Wakisii, kwani ami wa mabinti wa Saad alikuwa ni Mwarabu wa Madina, na katika pwani yetu wako walio mfano wake. Sheria ya Urithi ya Kenya ilitungwa mwaka 1972 ikaanza kutumika mwaka 1981, na kwa marekebisho ya mwaka 1990 Waislamu wakaachiwa sheria yao. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 170, imezithibitisha mahakama za Kadhi kuamua mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimeridhia. Mlango, basi, u wazi. Lakini mjane aingiaye mlango huo bila ya kujua kuwa fungu lake ni 3 katika 24 atapokea lolote atakalopewa, na kushukuru. Siku hizi hata simu hugawanya mirathi kwa kufumba na kufumbua. Lakini simu haijui kuwa yuko mtoto tumboni, wala dada aliyeachwa bila ya kutajwa. Hayo huyajua mtu, na mtu lazima awe amefundishwa.

Basi, ndugu msomaji, leo usiku keti na watoto wako, wa kiume na wa kike. Wafundishe nusu na nusu yake na nusu ya nusu yake. Kisha uwaambie waigawanye mali yako wewe mwenyewe, iliyopo kwa walio hai leo, kalamu na karatasi mbele yako. Ukiona uzito katika kufanya hivyo, ujue hapo ndipo penye dhulma ya kesho. Na ukiyaona mafungu ya binti zako yameandikwa kwa mkono wao, umewaachia kitu ambacho ami hatakichukua.

Mwenyezi Mungu amrehemu Zaid bin Thabit, na atujaalie katika wenye kujua na kutenda. Amin.